Utumbo Mpana Niliuacha Muhimbili

Mimi ni fundi samani, Keko Magurumbasi. Vitanda na makabati yetu mnayaona yamepangwa kando ya barabara, wateja wakubwa ni maharusi. Kazi hii inataka mtu asimame. Ukiwa na tumbo linalokuita kila saa, kumaliza kupiga randa ubao mmoja ni mtihani. Nilikopanga choo ni kimoja, kipo uani, na wapangaji tunapokezana. Jirani wa chumba cha mbele alifika mahali akisikia tu komeo langu usiku, ananipisha hata kama yeye ndiye aliyetangulia.

Zahanati za mtaani zilinipa majibu yaleyale: taifodi, amiba, taifodi tena. Nilimeza Flagyl hadi chai ikawa na ladha ya chuma. Wapo waliosema nimerogwa, wapo walionong'ona kuhusu ukimwi, nikapima, sina. Damu ilipoanza kutoka na makamasi, dada yangu alinikokota mpaka Hospitali ya Temeke, nako wakaniandikia rufaa ya Muhimbili.

Kule nilipigwa kamera kwa njia ya haja kubwa, wakakata vinyama vya kupeleka maabara. Haikuwa kifua kikuu cha utumbo, wala saratani. Ilikuwa kolaitisi ya vidonda: kinga ya mwili inaushambulia utumbo mpana wenyewe. Nikaanzishiwa predinisoloni, dawa ya kutuliza kinga hiyo. Uso ukavimba, nikaambiwa nimenenepa! Kila dozi ikipunguzwa, damu inarudi.

Daktari alinieleza kwamba wagonjwa wengi hutulia kwa dawa. Kisu huja dawa zikishindwa, damu isipokata, utumbo ukitoboka au ukionyesha dalili za saratani. Kwangu dawa zilikuwa zimeshindwa. Akasema ugonjwa huu makazi yake ni utumbo mpana, ukiondolewa wote hauna pa kukaa.

Mama hakutaka kusikia. "Baba, mkimtoa utumbo mwanangu atakula vipi?" Daktari akamwamkia, akavuta kiti, akamchorea kwenye karatasi: chakula hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba, ule mpana kazi yake kubwa ni kurudisha maji na chumvi mwilini. Mama aliiangalia ile karatasi muda mrefu, kisha akaniambia nitie saini.

Nikapasuliwa, utumbo mpana ukaondolewa wote. Sasa choo changu kinatokea tumboni, upande wa kulia, kinaingia kwenye mfuko ninaoubandika hapo. Ukijaa theluthi naumwaga. Kwa kuwa utumbo wa kurudisha maji haupo, nakunywa sana, na siku za jua kali nachanganya chumvi ya ORS. Jasho la Dar linalegeza gundi ya mfuko, na vumbi la mbao halisaidii. Bei ya mifuko ndiyo inayoniumiza kuliko kidonda kilivyoniuma. Swala? Nilimuuliza sheikh wa msikiti wetu, akasema hukumu yangu ni ya mwenye udhuru: wakati ukiingia nitawadhe, niswali, hata kama mfuko unaendelea kujaa. Alhamdulillahi, nimerudi kwenye randa.

Kisu si tiba ya kila kuharisha, na kwa walio wengi hakihitajiki kabisa. Lakini ndugu yangu, ukiharisha zaidi ya wiki nne, au ukiona damu, usikubali kuongezewa dozi nyingine ya taifodi. Omba rufaa, upigwe kamera.