Nyungu ya Aliyechoka

Uchovu wa moyo haukuletwa na ofisi za mjini. Wakulima wa Handeni waliokodolea macho mbingu zisizo na mvua, na manamba waliokata mkonge Korogwe mbali na jamaa zao, waliujua barabara.

Tiba yake ninayoifahamu mimi ni nyungu. Nilipofiwa na baba, nilikosa usingizi na hamu ya chakula kwa majuma kadhaa. Shangazi yangu wa Handeni hakuniuliza maswali. Alichuma kivumbasi, mchaichai na majani ya mwarobaini, akayachemsha chunguni, akaniketisha kigodani na kunigubika blanketi. Jasho lilinitoka hata nikadhani nitazimia. Kisha alinipa uji, akanikataza kwenda kazini siku tatu, na kila jioni akaja kuketi nami, akinisimulia ujana wa baba. Ni lipi lililoniponya? Mimi husema ni yote pamoja, na simulizi kupita majani.

Wataalamu nao wana jina lao. Mwaka 1947 Mrusi Lazarev aliziita adaptojeni zile dawa ziusaidiazo mwili kustahimili mashaka. Miongoni mwa zinazohesabiwa hivyo leo ni tulsi ya Wahindi, ambayo ni ya ukoo mmoja na kivumbasi chetu, na ashwagandha, mmea uotao porini hata Afrika Mashariki. Majaribio kadhaa, aghalabu madogo, yameonyesha kwamba ashwagandha yaweza kupunguza wahaka na kuleta usingizi. Hata hivyo haimfai mjamzito, na wako walioitumia wakadhurika maini. Jani si salama kwa sababu tu ni jani. Shangazi mwenyewe alikuwa wa kwanza kumpeleka hospitali mwenye homa isiyoshuka.

Serikali haikulala katika jambo hili. Mwaka 1974 kilianzishwa Muhimbili kitengo cha kuchunguza dawa za asili, ambacho baadaye kilikuwa taasisi kamili, na mwaka 2002 ikatungwa sheria ya tiba asili na tiba mbadala. Mwaka 2020, ulipoingia ugonjwa wa korona, nyungu zilichemka hata katika nyumba zilizokuwa zimezisahau.

Linalonisumbua ni jingine. Siku hizi unga wa majani huuzwa stendi, umefungwa vizuri, na muuzaji akakuhakikishia kuwa hutibu mawazo. Huenda unga ni mzuri. Lakini muuzaji hamjui baba yako, wala hatakuja jioni.

Shangazi hana tena nguvu za kwenda porini. Mjukuu wake asomaye sekondari Korogwe humchumia wakati wa likizo, na ameanza kuandika majina ya majani daftarini, Kizigua upande huu na Kiswahili upande ule. Simulizi bado hajaziandika.