Kitatange Wangu Alikufa kwa Njaa

Ile video ya kitatange ndiyo ilitazamwa kuliko zote nilizowahi kuweka. Wengi wenu mlinijua kupitia huyo samaki. Kitu sijawahi kuwaambia ni kwamba alikufa siku 19 baada ya kufika kwangu, na makosa yalikuwa yangu.

Tangi langu ni dogo. Sentimita 60 kwa 40 kwa 40, yaani lita 96 likijaa pomoni, na ukishaweka mawe na mchanga ni chini ya hapo. Maji nachanganya mwenyewe, gramu 35 hivi za chumvi kwa kila lita (ile maalum ya tangi, si ya ugali, tafadhali). Nilingoja wiki sita nzima ili bakteria wajae kwenye mawe, wawe wanamaliza sumu ya kinyesi cha samaki. Wiki sita za kuangalia maji matupu! Mamangu alidhani nimechanganyikiwa. Lakini subira yangu yote iliisha siku nilipoingia dukani.

Alikuwa peke yake kwenye kona. Mwili wa manjano, mistari myembamba ya zambarau imelala toka kichwani hadi karibu na mkia, na ufito mweusi umeficha jicho. Wueh. Nikamuuliza muuzaji kama ni msumbufu. Akasema, "Huyo? Huyo anakula chochote, boss." Swali la pili sikuuliza. Nikatuma pesa, nikampakata kwenye matatu kama mtoto mchanga.

Chakula cha chembechembe alikipita tu. Uduvi wa barafu aliwaonja, akawatema. Lakini kutwa nzima alikuwa akidonoa mawe, donoa, donoa, akihama huku na kule bila kupumzika. Hiyo ndiyo video mliyoipenda, ile niliyoandika "mtoto anacheza." Manze, hakuwa anacheza. Alikuwa anatafuta chakula kwenye mawe ambayo hayakuwa na kitu.

Wiki ya pili nyama ya nyuma ya kichwa ilianza kubonyea. Ukimwangalia kutoka mbele, mgongo ulikuwa kama wembe. Nilisaga kome, nikapaka kwenye jiwe. Nikajaribu kitunguu saumu, maana kuna mtu alisema kinafungua hamu ya kula. Asubuhi ya siku ya 19 nilimkuta amelala ubavu nyuma ya mashine ya kuchuja maji.

Hapo ndipo nikaanza kusoma, kitu nilichopaswa kufanya kabla. Jina lake la kisayansi ni Chaetodon trifasciatus, na chakula chake ni matumbawe hai. Si majani, si uduvi. Ananyofoa vile vinyama vidogo vinavyojenga tumbawe, basi. Ukoo wa vitatange una spishi zaidi ya 120, na wako wengi wa aina hii, wanaokufa njaa polepole mbele ya sahani iliyojaa. Tena karibu wote unaowaona madukani wametolewa baharini. Hawakuzaliwa kwenye tangi.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kwao ni hapa hapa. Desemba nilienda Shimoni, tukachukua mashua hadi Kisite. Nahodha alikuwa mzee mmoja mpole, nikamwonyesha picha kwenye simu. Akacheka. "Kitatange huyo. Mwanangu, huyo chakula chake ni jiwe. Jiwe likifa, naye huondoka." Akanieleza habari za mwaka 1998, bahari ilipopata joto na matumbawe yakageuka meupe Pwani yote. Kisha nikavaa miwani ya maji nikaingia. Walikuwa wawili, ubavu kwa ubavu, wakitoka tumbawe hadi tumbawe. Donoa, donoa. Mwendo ule ule wa kwenye video yangu, isipokuwa hawa walikuwa wanene.

Sasa, wale mnaouliza kila siku mnunue yupi. Angalia mlo kabla ya rangi. Chaetodon auriga, yule mweupe mwenye manjano nyuma na uzi unaoning'inia kwenye pezi la mgongoni, anakula minyoo, mwani, vitu vingi, kwa hivyo anaweza kufundishwa kula uduvi. Shida ni kwamba anapita sentimita 20. Chaetodon kleinii ni mdogo zaidi, anafika kama 15, na si mchaguzi sana. Huyo ndiye ningemchukua mimi, kama ningekuwa na lita 300. Sina. Kwenye tangi la sentimita 60 angefika ukutani kabla hajamaliza kukata kona. Kwa tangi kama langu kitatange hayuko, na niliitafuta hiyo orodha hadi macho yakauma. Nimeweka wale wa Nemo wawili, waliozaliwa kwenye tangi. Najua, kila mtu anao. Wanakula, lakini.

Naandika haya kwa sababu juzi msichana mmoja wa Nakuru alinitumia ujumbe. Amepata "kama wako," ameshalipa nusu, tangi lake ni la lita 80. Na ameona wapi huyo samaki? Kwa video yangu. Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Mwishowe nikamwambia ukweli wote, na nikamwomba kitu kimoja: kabla ya kumaliza kulipa, muuzaji amlishe samaki mbele yake.

Jioni akanitumia video ya sekunde kumi na mbili. Uduvi wanashuka polepole, kitatange anawapita kama hawapo, anaenda kudonoa kioo. Pesa hakurudishiwa. Ile video yangu nimeitoa leo asubuhi.