Rafu ya Nyuma

Riziki yangu imetoka kwenye vitabu vya mtihani. Nimewalea na kuwasomesha wanangu kwa faida ya madaftari, kamusi, vitabu vya kiada na miongozo ya riwaya teule hapa Isiolo mjini, kuanzia siku zile nilipokuwa msichana wa kaunta katika duka la mzee mmoja mwenye subira hadi nikafungua langu. Sitavidharau hata siku moja. Lakini vitabu ninavyovipenda viko rafu ya nyuma, karibu na mlango wa stoo, na hivyo sijawahi kuvipigia hesabu ya faida.

Rafu hiyo ilianzishwa na Siku Njema ya Ken Walibora. Ilitoka mwaka 1996, na baadaye ikawa kitabu teule shule za upili. Wanafunzi waliinunua mwezi wa kwanza, na mtihani ulipoisha tu wakairudisha tuwauzie wengine, kurasa zimepigwa mistari chini ya kila tamathali ya usemi. Nakala moja ilikuwa imeng'oka jalada, haikuuzika. Nikaenda nayo nyumbani, nikaishona mgongo kwa sindano ya magunia, nikaanza kumsomea baba usiku.

Baba alikuwa utingo wa malori ya Moyale. Siku hizo lami iliishia hapa hapa Isiolo; kuanzia kizuizi cha barabarani kwenda mbele ilikuwa changarawe na vumbi zaidi ya kilomita 500, watu wakipanda juu ya mizigo au juu ya vyuma vya lori la ng'ombe. Shule hakwenda. Nilipomsomea jinsi Kongowea Mswahili alivyotoka Tanga kumtafuta babake huko Kitale, alinikatiza. "Ngoja kwanza. Huyo kijana leo amekula nini?" Nikarudi nyuma kutafuta. Kila nilipoanza sura mpya aliniuliza lile lile, kisha akataka kujua kalala wapi na nani kampa maji. Hakuna mwalimu wa fasihi aliyewahi kunifunza zaidi ya hapo. Hadi leo, riwaya isiyojali mhusika wake amekula nini hunishinda kuimaliza.

Walibora alipofariki Nairobi mwezi Aprili 2020, wakati wa korona, usafiri wa kuingia na kutoka Nairobi ulikuwa umefungwa na sikuweza kuagiza kitu. Watu wazima, makarani, polisi, mama wenye wajukuu, walikuja na barakoa zao wakiulizia Siku Njema. Walikuwa wameisoma kwa ajili ya karatasi ya mtihani, na sasa waliitaka kwa ajili yao wenyewe. Niliwaazima ile niliyoishona, kwa zamu.

Biashara yenyewe imepita kwenye miiba. Septemba 2013 vitabu vilianza kutozwa ushuru wa VAT, asilimia 16, na mzazi aliyekuwa akinunua viwili akanunua kimoja. Januari 2018 serikali ikaanza kupeleka vitabu vya kiada moja kwa moja shuleni. Mtoto wa Merti na wa Garba Tulla akapata kitabu bila babake kuuza mbuzi, na hilo nalishukuru kwa moyo wote. Ila kwetu wenye maduka, Januari ndiyo iliyokuwa ikibeba mwaka mzima. Nikaongeza mashine ya fotokopi, sare na mikoba. Rafu ya nyuma sikuigusa, ingawa mume wangu alinishauri nipange pale chupa za chai.

Sasa wiki yangu inakwenda hivi. Katoni za Nairobi hufika na basi la usiku, kwa hiyo Jumatatu asubuhi ni ya kufungua mizigo na kubandika bei. Katikati ya wiki ni fotokopi za vitambulisho na fomu za basari. Jioni, kazi ikipungua, ndipo wale wa rafu ya nyuma wanapoingia. Vijana wa bodaboda wamekamatwa na Kuli ya Adam Shafi, riwaya ya wachukuzi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa 1948. Wanaisoma kwenye steji, mmoja kwa sauti, wengine wakisubiri abiria, na nimewasikia wakibishana kama Rashidi, mhusika mkuu, angefaa kuwa mwenyekiti wao. Watalii wa kwenda Buffalo Springs na Samburu, wakisimama kununua kalamu, huulizia Born Free ya Joy Adamson, kwa sababu simba Elsa alilelewa hapa, mume wa Joy alipokuwa ofisa wa wanyamapori. Ninayo nakala. Ni kitabu kizuri cha simba. Cha Isiolo bado nakisubiri, na naamini mwandishi wake yuko darasani hapa hapa mjini.

Ijumaa nafunga saa sita. Baada ya alasiri huja jirani yangu, mfanyabiashara wa maziwa ya ngamia. Tangu alfajiri amepokea madumu kutoka kwa wafugaji, ameyafungua moja moja na kunusa, akayaonja, akakataa yaliyoanza kugeuka, na mengine ameyapakia kwenye basi la Eastleigh. Mikono yake inanukia moshi wa kuni wanaofukizia madumu. Anasikiliza, mimi nasoma. Mwezi huu tunasoma Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Ida Hadjivayanis aliileta kwa Kiswahili na Mkuki na Nyota wakaichapisha 2022. Mpwa wangu aliipata Dar es Salaam.

Yusuf, mtoto aliyetolewa rehani kwa deni la babake, anafuata msafara wa Ami Aziz kwenda bara. Tulipofika kwenye mizigo, wapagazi na hongo za njiani, jirani yangu alinyanyua mkono nisite. Akataka kujua mzigo ulioharibika njiani hasara ilikuwa ya nani: ya tajiri au ya mpagazi? Kwake si swali la hadithi. Basi likikwama njiani, maziwa yakaganda, yeye ndiye anayelipa. Tulikaa kwenye ukurasa ule hadi adhana ya magharibi.

Nyumbani hatujambo. Kifungua mimba wangu ni muuguzi Muscat, na ananitumia ujumbe wa sauti akitoka zamu, saa ambayo mimi naanika nguo. Huko amekutana na akina mama wa asili ya Unguja wanaozungumza Kiswahili kitamu, na anataka nimpelekee riwaya awasomee. Kitinda mimba yuko Eldoret, anasomea ualimu wa Kiswahili na historia. Kaka yangu alipoteza ng'ombe karibu wote katika ukame ulioanza 2020, mvua ilipokatika msimu baada ya msimu. Sasa amehamia kwa ngamia, na mmoja amezaa majuzi. Mjukuu wangu, gredi ya nne, ameanza kusoma mabango yote ya barabarani kwa sauti hadi mamake anaona haya. Mimi naona fahari.

Kaka ndiye aliyeniletea ombi la wiki hii. Mwalimu mmoja wa huko Merti anataka hadithi zisizotahiniwa, za watoto kusoma jioni tu. Nimekumbuka ngamia wa maktaba ya kitaifa, walioanza kazi Garissa mwaka 1996, mmoja akibeba masanduku ya vitabu, mwingine hema. Sisi hatuna ngamia wa kazi hiyo. Tuna gari la kaka linalokuja Jumamosi kununua unga. Nimeweka katoni tayari: Mzimu wa Watu wa Kale, ngano, magazeti ya Taifa Leo yenye kurasa za watoto, na vitabu vya hadithi ambavyo mjukuu wangu ameshavimaliza. Vyote nimevivika nailoni kwa sababu ya vumbi. Mwalimu amepiga simu kuuliza tarehe ya kuvirudisha. Nimemwambia avirudishe watoto wakishaanza kuulizia vingine.