Wifi Yangu Hataji Jina la Baba

Hapa Nyarugusu ndoa ya Mkongomani na Mrundi si habari tena. Wazazi wetu walifika 1996 wakitokea Fizi na Uvira, Warundi wengi wakaja 2015, tukawa majirani. Mkichota maji bomba moja na kuuza soko moja, mwisho watu watapendana tu. Mimi nafanya kazi na vijana, na wakija kuuliza habari za ndoa hizi wanauliza lugha, dini na mahari. Majina hawaulizi. Nyumbani kwetu ndoa ya kaka yangu ilitaka kuvunjika kwa sababu ya jina.

Kaka alioa msichana wa Makamba. Mchapakazi, ana aibu, anaamka kabla ya jogoo. Mama alimsifu mpaka bomba zima likajua. Halafu akazaliwa mtoto wa kiume, na baba akampa jina lake mwenyewe. Kwetu hiyo ni zawadi kubwa, babu akikupa jina ni kama amesema sitakufa nikaisha. Sherehe ikapita. Siku ya tatu mama akagundua kwamba wifi hamwiti mtoto kwa jina. Anamwita "Mutama", yaani mzee kwa Kirundi. Mtoto akilia, Mutama. Akinyonya, Mutama. Wageni wakiuliza jina, anacheka kidogo na kuangalia chini mpaka mtu mwingine ajibu.

Mama akasema kwa sauti, na nyumba zetu unazijua, ukuta wa tope na turubai juu, jirani anasikia hata unavyokoroma: "Jina ya mzee iko na uchafu gani? Huyu anatubeza!"

Mimi kama wifi nilitegemewa niwe upande wa mama. Nilimfuata jikoni nikamuuliza. Akanieleza polepole, kwa Kiswahili chake cha kuchanganya. Kwao mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe. Si mbele yake tu, hata akiwa mbali. Bibi zao walikuwa wakali zaidi: neno la kawaida likifanana na jina hilo, walilizunguka na kutafuta lingine. Wanyarwanda nao wana desturi hiyo, wanaiita gutsinda. Mwalimu mmoja Mtanzania wa huko Rungwe aliniambia hata kwao Wanyakyusa wakaza mwana wa zamani walifanya vivyo hivyo, tena wakikwepa hata kukutana na baba mkwe njiani. Kumbe si ajabu ya Warundi peke yao. "Nikilitaja," wifi akasema, "ni kama nimemvua nguo."

Nilipeleka maelezo hayo kwa mama. Akajibu kwamba heshima gani ya kumfanya mtu awe kama hana jina.

Wakati huohuo kwa wakwe wa kaka kulikuwa na moto mwingine. Sisi tumelelewa kwamba mwanaume anamwogopa mama mkwe wake, kwa maana nzuri. Hampi mkono, hakai naye karibu, hali naye sahani moja, wakikutana njiani yeye anaingia pembeni. Yule mama Mrundi yeye salamu yake ni kukumbatia, anakushika mikono na kuuliza amahoro mara tatu. Siku moja sokoni alimwona mkwewe akaja mikono wazi, kaka akakatiza nyuma ya vibanda vya mihogo. Watu waliona. Mama wa watu alirudi nyumbani akilia, akimwambia mumewe kwamba binti yao ameolewa na mtu anayewaona wao ni uchafu.

Hayo ya familia tungeyamaliza wenyewe. Lakini yakafika ofisini. Wifi alikuwa bado kwenye kadi ya wazazi wake. Kila mgao alitembea na mtoto mgongoni mpaka zoni yao, kugawana unga na kunde, kisha kurudi. Wakaomba kadi ziunganishwe. Kwenye mahojiano walitenganishwa, kila mtu akaulizwa kivyake: unaishi na nani, wanaitwa nani. Alipofika kwa baba mkwe akasema, "Databukwe." Mhojaji akasema hicho si jina. Akanyamaza. Mtoto je? "Mutama." Kwenye karatasi ya kliniki jina lilikuwa lingine. Mkalimani alikuwa Mrundi, mama mtu mzima, alielewa kila kitu, ila kazi yake ni kutafsiri yaliyosemwa, na hapo hakuna kilichosemwa. Mhojaji akaandika, wakaambiwa wasubiri. Mwanamke asiyejua jina la mtu anayeishi naye nyumba moja, na mwanawe ana majina mawili: ukiwa upande ule wa meza, hiyo inanuka udanganyifu. Simlaumu sana. Ila walisubiri miezi minne.

Na hapa nawaomba ninyi wa mashirika mnaosoma: mwanamke akinyamaza kwenye swali la jina la ukweni, mpeni kalamu. Ndivyo ilivyoisha. Mahojiano ya pili mhojaji alikuwa mwingine, wifi akaomba karatasi, akaandika majina yote mawili na kusukuma karatasi mezani bila kufungua mdomo. Kwake kuandika si kutamka. Kadi ilitoka.

Shangazi yangu ndiye aliyemnyamazisha mama, na hakutumia maneno mengi. Alikuja siku kaka aliposikia sauti ya mama mkwe wake nje, akaruka kupitia mlango wa nyuma na kumwaga maji ya kunawa. Shangazi akacheka mpaka akashika ukuta. Akamuuliza mama: huyu mtoto wako anayekimbia, anambeza mama ya watu? Mama akasema hapana, anamheshimu. Shangazi akasema, na bibi yake naye anakimbia jina. Mbona huyu anakimbia kwa miguu unamsifu, na huyu anakimbia kwa ulimi unamsema?

Mama hakujibu. Ila tangu siku hiyo wageni wakiuliza jina la mtoto, yeye ndiye anajibu, haraka, kabla wifi hajaangalia chini.

Kaka na mama mkwe wake wamepatana nusu. Mkono hampi, lakini sasa anasimama mbali kidogo, anainamisha kichwa na kuitikia amahoro zote tatu. Yule mama anasema ni kama kusalimia mti, lakini mti wenye adabu.

Baba ndiye ninayemwonea huruma. Alitaka kulisikia jina lake likiitwa uani jioni, aone limeshika. Wifi yupo na mtoto kutwa nzima, kwa hiyo mtoto anaitikia Mutama tu, na babu yake akimwita kwa jina haangalii nyuma. Mtoto wa pili anatarajiwa mwezi wa nane. Baba ameshasema huyo apewe jina na upande wa Burundi. Mama bado hajakubali.