MTEREMKO WA SONI NA BREKI ZA MPWA WANGU

Ndugu msomaji, utokapo Korogwe kuelekea Same utafika Mombo, mji mdogo wenye joto uliojibanza chini ya milima ya Usambara Magharibi. Hapo iache barabara kuu, ushike ile ipandayo kulia. Baada ya kilometa 30 na ushei utakuwa Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Njia ni kona juu ya kona: huku jabali, huku korongo, na chini yake mto ukinguruma. Penye Soni utayaona maporomoko ya maji. Ukishapita hapo ubaridi huanza kukushika, na kando ya barabara utawakuta akina mama wamepanga mapeasi, karoti na kabichi.

Kupanda mlima huo si kazi. Kazi ni kuushuka.

Niliushuka siku moja pamoja na mpwa wangu, mkewe na mtoto wao wa miaka minne. Mpwa wangu ana Subaru Impreza iliyotumika Japani kabla ya kuletwa kwetu, gari dogo, jepesi, lenye mngurumo wa kumlevya kijana. Ili kuokoa petroli, alitoa gia akaliachia gari lijiendee, mguu wake ukiwa juu ya breki. Tulipoiacha Soni nyuma yetu, harufu ya kuungua ilijaa ndani. Kisha nikamsikia akisema kwa sauti ndogo, "Mjomba, breki inazama."

Alikanyaga tena na tena, akarudisha gia ya pili, akavuta breki ya mkono, na gari likasimama likiwa limeegemea ukingo wa mlima. Moshi ulitoka magurudumu ya mbele. Hakuna aliyenena ila mtoto, aliyeuliza, "Tumefika?"

Tulipokuwa tumekaa juu ya mawe tukingoja vyuma vipoe, mpwa wangu alitangaza azimio lake. "Nikifika Dar es Salaam nafunga kalipa kubwa, zile za Brembo zenye rangi ya dhahabu. Fedha ninazo."

Kalipa, kwa msomaji asiyeijua, ni kile chuma kinachoikumbatia diski ya breki. Ukikanyaga, mafuta husukuma pistoni, nazo pistoni huzibana pedi kwenye diski. Kalipa ya kawaida ina pistoni upande mmoja tu, nayo huteleza ili kubana pande zote mbili. Kalipa za magari ya mbio hufungwa imara, zikiwa na pistoni huku na huku. Hizo hazipindi upesi zinapobanwa, na dereva huuhisi vizuri mguu wake.

Lakini je, ni kalipa iliyotuangusha? Tupige hesabu. Gari la kilo 1,500 pamoja na watu na mizigo, likishuka kimo cha meta 1,000, hutoa nguvu inayotosha kuchemsha zaidi ya ndoo mbili za maji za lita 20. Injini isiposhika sehemu ya mzigo huo, karibu moto wote huingia katika breki. Mwenye kuupokea kwanza ni diski, kisha pedi, na mwisho mafuta. Nayo mafuta hayo hunyonya unyevu mwaka hadi mwaka. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi; yakishaingiwa na maji, kiwango hicho hushuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka hutoa mapovu, na mapovu hubonyea. Hapo ndipo mguu huzama mpaka sakafuni. Kalipa ya dhahabu yenye mafuta yaliyochoka ingetufikisha pale pale.

Tuliporudi Dar es Salaam nilimsindikiza Kariakoo. Kalipa alizozitaka zilikuwepo, zimeng'aa kwa rangi mpya. Fundi mmoja mtu mzima alizigeuza mkononi, akatuonyesha mipira ya kuzuia vumbi iliyochanika na pistoni zilizoanza kuota kutu. "Rangi hainunui breki, mwanangu," alisema. Kisha akamuuliza, "Rimu zako inchi ngapi?"

"Kumi na tano, mzee."

"Hizi zinakwenda na diski ya milimita 326. Zinataka rimu ya inchi 17. Na tairi lako la akiba je? Ukipata pancha usiku porini, halitaingia."

Mpwa wangu alinyamaza. Fundi aliendelea kumfundisha. Ziko kalipa za pistoni nne za Subaru yenyewe, ziendazo na diski ya milimita 294, ambazo rimu ya inchi 16 huzitosha. Lakini hata hizo, kwanza pima kama mashimo ya boliti yanalingana. Jumla ya pistoni ikiwa kubwa mno kuliko uwezo wa masta silinda, mguu utakwenda mbali kabla breki haijashika. Na ukiimarisha mbele peke yake kupita kiasi, magurudumu ya nyuma hubaki bila kazi ya kutosha. Zaidi ya yote, tairi ndilo lisimamishalo gari: kama breki ulizonazo zaweza kulifunga gurudumu, kalipa kubwa haitalifanya tairi kipara lishike lami.

Basi mpwa wangu aliondoka na mafuta mapya ya DOT 4, pedi nzuri na jozi ya diski mpya za mbele zenye matundu ya hewa katikati. Fundi alimwaga mafuta ya zamani. Yalikuwa meusi kama kahawa. Fedha iliyobaki alimkabidhi mkewe, ambaye hakusema neno, ila alizihesabu mara mbili.

Baadaye tulipanda tena Lushoto. Wakati wa kushuka aliweka gia ya pili tangu juu, injini ikalalamika, nasi tukaiacha ilalamike. Alikanyaga breki kwa nguvu kidogo penye kona, kisha akaiachia ipumue. Mombo tulifika mguu ukiwa mgumu kama mwanzo.

Bado anazitaka zile kalipa, na simlaumu; kijana na gari lake ni kama mvuvi na ngalawa yake. Zile za pistoni nne huenda siku moja akazifunga, baada ya kupima. Lakini wewe, ndugu msomaji, kabla hujaipeleka familia yako kuyaona maporomoko ya Soni, fungua boneti utazame rangi ya mafuta ya breki. Kisha uende, na ushuke kwa gia.