Risasi na risasi: kabla baba hajachagua bunduki ya shabaha

Hii ni sehemu ya 14 ya mfululizo wetu. Mara ya mwisho tulimaliza habari ya homa kwa mtoto mchanga. Leo tunaingia mahali ambapo hamkutarajia nesi aingie: bunduki. Tena si ya polisi wala ya mlinzi wa benki. Ni bunduki ya baruti nyeusi, ile ya kizamani inayotoa moshi kama jiko la kuni, ambayo mtu anaitumia kulenga shabaha iliyo mita 500, kwa starehe yake tu.

Usiondoke. Najua uko Tandale au Mwananyamala, unawaza ada ya shule na bei ya mchele, na bunduki hujawahi hata kuishika. Soma mpaka mwisho. Kilichomo ndani ya habari hii kinaweza kuwa kipo uani kwako sasa hivi bila bunduki yoyote.

Dada yangu mkubwa anaishi Marekani na mume wake na watoto wawili, wa kiume miaka 13 na wa kike mwaka mmoja na nusu. Wakati huo alikuwa na mimba ya miezi mitano. Shemeji alijiunga na klabu ya walenga shabaha, akaazimwa bunduki msimu mzima, akanogewa, sasa akataka kununua ya kwake. Dada akanipigia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Hebu niambie, wewe si nesi? Huyu bwana ananitajia namba za bunduki asubuhi na jioni. Na anataka mtoto naye apige. Anunue namba gani?"

Nikamjibu kwa swali: nani atakuwa nyuma ya hiyo bunduki, na nani atafua nguo za aliyepiga? Nikamwambia anipe shemeji nimsikilize mwenyewe. Tukaongea saa nzima, na nikajifunza mengi. Sasa nawapa nyinyi.

Namba zenyewe zinasomwa hivi. Ukisikia 45-70, ile 45 ni upana wa tundu la mtutu kwa sehemu za mia za inchi, yaani milimita 11 na kidogo. Huo upana ndio wanaouita kaliba. Ile 70 ni uzito wa baruti kwa kipimo cha zamani kinachoitwa greini, sawa na gramu 4.5. Risasi hiyo ilianza kutumiwa na jeshi la Marekani mwaka 1873. Iko na 40-65, tundu dogo zaidi, kama milimita 10. Na iko 45-110, tundu lile lile la 45 lakini baruti gramu 7. Shemeji alikuwa anaitaka hiyo ya mwisho. Wanaume na namba kubwa, mnawajua.

Kwa nini matundu yawe makubwa hivyo wakati bunduki za kijeshi za leo zina tundu la milimita 5 hadi 8 tu? Ni kwa sababu ya baruti yenyewe. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, mkaa na salfa. Inawaka haraka, inatoa moshi mwingi na kuacha masizi mtutuni, lakini haiwezi kusukuma risasi kwa kasi kubwa. Risasi inatoka kwa mita 350 hadi 400 hivi kwa sekunde. Bunduki nyingi za kijeshi za leo zinapita mita 700. Kwa hiyo watu wa zamani walipotaka kufika mbali hawakuongeza kasi, waliongeza uzito. Risasi nzito na ndefu haisukumwi kirahisi na upepo. Ni kama mashua ya mizigo na ngalawa: ya mizigo ni ya polepole, lakini ikishashika njia haiyumbi ovyo.

Hata hapa kwetu kumbukumbu ipo. Kwenye mapigano ya Tanga, Novemba 1914, askari wengi wa Kiafrika waliokuwa jeshi la Mjerumani walibeba Mauser ya mwaka 1871. Tundu lake milimita 11, kichwa cha risasi gramu 25, baruti nyeusi. Ilifika mbali, ila kila mlio ulitoa wingu jeupe, na adui akajua mpigaji amelala wapi. Waliposhinda, waliokota bunduki za kisasa za Waingereza za kutosha kombania tatu. Baruti nyeusi vitani ikawa inaelekea mwisho wake. Kwenye michezo haikufa. Wapenzi wake bado wanaikumbuka Creedmoor, New York, mwaka 1874, Wamarekani walipowashinda Waayalandi kwa pointi 934 kwa 931, wakipiga kutoka yadi 800, 900 na 1,000.

Mchezo wa shemeji si wa yadi 1,000. Ni wa kuangusha sanamu za chuma: kuku mita 200, nguruwe mita 300, bata mzinga mita 385, kondoo mita 500. Risasi 40 kwa shindano moja, bila kuhesabu za majaribio. Mpaka kondoo, risasi inasafiri zaidi ya sekunde moja na nusu, na njiani inashuka zaidi ya mita 10, kwa hiyo mlengaji anainua kilengeo kama anayerusha jiwe juu ya ukuta. Risasi nyepesi mno inaweza kumgusa kondoo na asianguke. Ndiyo maana bunduki ndogo ndogo hazifai hapa.

Sasa chaguo. Ile 45-110 ni ya kwenda mbali sana. Kwa mita 500 ni kama kukodi lori la tani kumi kubeba gunia moja. Inabaki 45-70 na 40-65. Walengaji wa 45-70 wengi hutumia kichwa cha risasi cha gramu 32 hadi 35. Wa 40-65 hutumia kama gramu 26. Zote mbili zinamwangusha kondoo. Ile nzito inavumilia upepo vizuri kidogo. Shemeji aliishia hapo kwenye hesabu zake. Mimi niliendelea na zangu.

Kwanza bega. Bunduki ikipiga mbele inapiga teke nyuma, na uzito wa risasi ni sehemu kubwa ya hilo teke. Mtu mzima akipiga mara 40 amelala kifudifudi, bega linamuuma kesho yake. Mtoto wa miaka 13 mfupa wa bega bado unakua. Kuna jambo jingine: mtoto akishaogopa teke anafumba macho kabla ya mlio, anakamata bunduki vibaya, na hapo ndipo ajali huanzia. Gramu 8 pungufu kwa kila risasi si kitu kidogo kwa bega lake.

Pili masikio. Hapa kaliba haitusaidii, zote zinaumiza. Mlio wa bunduki unaweza kupita desibeli 140. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto asifikiwe na mlio wa ghafla unaozidi desibeli 120. Masikio yakiharibika hivyo hayaponi kwa matone. Kwa hiyo vizibo ndani ya sikio na vifunika sikio juu yake, vyote viwili, hata kwa anayetazama tu. Na mwenye mimba asikae karibu na mstari wa kupigia, maana kile kilichoko tumboni hakivai vifunika sikio.

Tatu, na hili ndilo lililonifanya niandike. Kiswahili chetu kina neno moja kwa vitu viwili: risasi ya kupiga, na risasi madini, yale mazito ya kijivu yanayoyeyuka upesi. Lugha haijakosea. Bunduki za baruti nyeusi zinakula risasi za madini hayo hayo, zimechanganywa na bati kidogo, na walengaji wengi huziyeyusha na kuzimimina kwenye kalibu wenyewe nyumbani. Pigeni hesabu na mimi: risasi 40 za gramu 34 ni kama kilo 1.36. Risasi 40 za gramu 26 ni kilo 1 na kidogo. Hiyo ni kwa shindano moja, bado mazoezi. Kaliba unayochagua ndiyo kiasi cha madini ya risasi unachoingiza nyumbani kwako.

Nikamuuliza shemeji anayeyushia wapi. "Gereji, shemeji, mlango nauacha wazi." Na mashine ya kufulia iko wapi? Gereji hiyo hiyo. Na mtoto mdogo anatambaa wapi? Kimya.

Madini ya risasi hayana kiwango salama mwilini. Kwa mtoto mdogo yanaingia kwenye ubongo unaojengwa: anachelewa kujifunza, anakosa utulivu, damu inapungua. Utumbo wa mtoto mdogo hunyonya mara nne hadi tano zaidi ya wa mtu mzima kwa kiasi kile kile alichomeza. Kwa mwenye mimba, risasi iliyojificha kwenye mifupa yake hurudi kwenye damu na kumfikia mtoto. Na ubaya wake hakuna homa, hakuna upele. Mtoto anacheza kama kawaida. Mpaka upime.

Wakapima. Mama alikuwa chini. Yule mdogo alikuwa na mikrogramu 6 kwa desilita. Shirika la Afya Duniani linasema kuanzia 5 tafuta chanzo na ukiondoe. Marekani wanaanza kufuatilia kwenye 3.5. Dada alilia. Nikamwambia dada, kulia lia, lakini leo hii sufuria itoke.

Ikatoka. Shemeji sasa ananunua risasi zilizokwisha tengenezwa. Nguo na viatu vya kupigia vinabaki kwenye mfuko wake, vinafuliwa peke yake. Anaosha mikono kwa sabuni na maji kabla hajagusa chakula au mtoto, maana vitakasa mikono haviondoi madini. Kuna tabia ya walengaji hawa ya kupuliza pumzi mtutuni kwa mpira ili masizi yalainike kati ya mlio na mlio. Mpira huo haushikwi na mtoto, na unaoshwa. Sakafu inapigwa deki, haifagiliwi kavu. Mtoto akapewa vyakula vyenye madini ya chuma, kalsiamu na vitamini C: maini, maharage, dagaa, mchicha, machungwa. Baada ya miezi mitano kipimo kikasoma 3. Bado wanafuatilia.

Na bunduki? Ikawa 40-65. Kijana anapiga kuku na nguruwe, baba yake akiwa pembeni, na bunduki na baruti vinafungiwa mahali tofauti. Shemeji anasema upepo wakati mwingine unamnyima kondoo mmoja. Sawa, kondoo ni wa chuma, atasimama tena.

Sasa turudi nyumbani, maana niliwaahidi. Nyinyi wa Msasani na Kunduchi, chubwi za nyavu ni madini hayo hayo. Nimeona baba anaziyeyusha kwenye sufuria mbovu jikoni, na jioni sufuria ile ile inachemsha maji ya kuoga mtoto. Nyinyi mnaokaa jirani na mafundi wanaopasua betri za gari, ule unga wa kijivu mlangoni ni huo huo. Hapo huhitaji klabu ya shabaha wala ndugu Marekani.

Na wenye wazee mikoani, kuna gobore. Gobore ni baruti nyeusi pia, ila halina namba. Tundu lake ni upana wa bomba alilopata fundi, na hakuna anayejua linavumilia baruti kiasi gani. Nikiwa nafanya kazi mkoani kabla sijaja Dar, tulimpokea kijana wa miaka 16 aliyepasukiwa na gobore la babu yake akifukuza nyani shambani. Walilijaza baruti iliyotolewa kwenye risasi za kisasa, ambayo nguvu yake si ya bomba lile. Alipoteza vidole vitatu na jicho moja. Kuwa na silaha bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, lakini mimi siongei kama polisi. Watoto wakienda kijijini likizo, uliza gobore liko wapi kabla hujauliza kitanda kiko wapi.

Ya kushika leo:

Kuyeyusha chubwi, betri au risasi kusifanyike jikoni, chumbani wala uani watoto wanapocheza. Sufuria ya kazi hiyo isirudi kwenye chakula kamwe.

Nguo za kazi hiyo zisichanganywe na za mtoto, na baba aoge kabla ya kumbeba.

Mwenye mimba na mtoto chini ya miaka mitano wakae mbali kabisa.

Kama kazi hiyo inafanyika kwenu na mtoto ana upungufu wa damu usioisha, tumbo linamsumbua au anachelewa kuongea, mwambie daktari wazi kwamba nyumbani kuna risasi. Kipimo hakipo kila kituo, lakini asipojua hatakuelekeza kinapopatikana.

Maswali wekeni hapo chini, nitajibu nikitoka zamu ya usiku. Sehemu ya 15 ni ya mtoto anayekataa kunyonya. Na wewe ambaye mume wako anavua, msomee leo ile sehemu ya chubwi kabla hajanawa.