Raha ya Shabaha, na Bastola Niliyoiacha Uwanjani

Nikisema hapa bwenini kwamba kitu ninachokikumbuka zaidi kutoka Marekani ni bastola, watu hunyamaza. Kuna anayecheka, kuna anayesogeza kiti. Halafu linakuja swali lilelile: "Sasa wewe ulikuwa unafurahia nini hasa?" Ni swali zuri, ila sijawahi kulijibu vizuri kwa mdomo, maana wali unapoa na stori inahamia kwenye mpira. Basi nilijibu hapa.

Kabla ya kuja kusoma hapa niliishi Phoenix, Arizona. Mama alishinda bahati nasibu ya viza, tukapata ukaazi wa kudumu, tukafikia kwa mjomba. Mjomba anafanya kazi zamu ya usiku kwenye duka la kituo cha mafuta, na anatembea na bastola kiunoni. Kule si ajabu. Tangu 2010, sheria ya Arizona inamruhusu mtu wa miaka 21 anayestahili kumiliki silaha kuivaa chini ya shati bila kibali. Nilipofikisha umri huo na kuanza zamu za jioni palepale dukani, Mjomba akaniambia, "Mjomba, na wewe sasa utahitaji ya kwako. Lakini kwanza uwanjani. Huvai usichokijua."

Yake ni Beretta 92FS, ya Italia. Kampuni ile ilikuwa inatengeneza mitutu tangu 1526, na jeshi la Marekani liliichagua bastola hiyo mwaka 1985 na kuiita M9. Ni kubwa. Bila risasi inakaribia kilo moja, mtutu wake una sentimita 12 na nusu, na magazini inabeba risasi 15. Kuivaa kutwa nzima ni adha, inavuta mkanda na kuchoma mbavu ukikaa. Ila uwanjani ukubwa huo ndio utamu wenyewe. Uzito unameza teke la risasi. Vidole vyote vitatu vya chini vinapata pa kukaa. Na kwa kuwa alama ya kulengea ya mbele iko mbali na ya nyuma, jicho linaona mapema mkono ukianza kuyumba. Vibastola vidogo vya mfukoni vinabebeka, lakini vinaruka mkononi kama kambale.

Wenzangu mliopita JKT mnajua shabaha ya bunduki: kitako kimeegemea bega, tumbo liko chini, ardhi inakusaidia. Bastola haina bega. Una mikono miwili na pumzi zako tu. Hata kwenye yadi 7, umbali wa hapa hadi ubaoni, ukitikisika kidogo risasi inakwenda kutembea.

Kuna kitu kimoja ambacho Mjomba alinifundisha na bado nakiwaza. Alikuwa akijaza magazini yeye mwenyewe, nimempa mgongo, akichanganya risasi za kweli na moja mbili bandia. Nikifyatua ile bandia, inasikika "ta!" tu, hakuna mlipuko. Na hapo ndipo mwili unaumbuka: mdomo wa bastola umeshainama wenyewe, kujiandaa kwa kishindo ambacho hakikuja. Yaani mkono ulikuwa unaogopa kitu ambacho kichwa kilishakubali. Huwezi kuukaripia mkono ukatulia. Unachoweza ni kurudia, taratibu, ukivuta kifyatulio kama mtu anayevuta uzi usikatike, mpaka mlio ukushtue wewe mwenyewe.

Beretta inakufundisha hilo mara mbili. Risasi ya kwanza kifyatulio chake ni kirefu na kizito. Baada ya hapo bastola imeshajikoki yenyewe, cha pili ni chepesi mno. Kwa hiyo unaanza na uvumilivu, halafu wepesi. Jumamosi ile nilipoziona risasi tano za mfululizo zimekaa kwenye duara ninaloweza kulifunika kwa kiganja, nilicheka peke yangu. Kwa dakika ishirini sikuwa nimewaza kodi, viza wala ada. Hiyo ndiyo raha yenyewe, jamani. Ni utulivu, hata kama pembeni pana makelele na umeziba masikio.

Halafu unanawa. Kiswahili chetu kinatumia neno moja, risasi, kwa kile kinachotoka mtutuni na kwa madini yenyewe. Vumbi lake ni sumu, kwa hiyo huli wala hugusi uso kabla ya kunawa mikono. Hata raha hii inaacha kitu kwenye ngozi.

Sasa nifike pale Mjomba alipokuwa anataka nifike. Uwanjani kuna kanuni nne. Ichukulie kila silaha kuwa ina risasi. Usiielekeze kwenye kitu usichokuwa tayari kukiharibu. Kidole nje ya kifyatulio mpaka umelenga. Ya nne: ijue shabaha yako, na kilichopo nyuma yake.

Hiyo ya nne ndiyo iliyonikamata. Uwanjani nyuma ya karatasi kuna tuta la udongo. Nyuma ya kaunta yetu dukani kulikuwa na nini? Mbele yangu mlango wa kioo, nje pampu sita, na jioni kina mama wanaoshusha watoto garini kuja kununua maziwa. Karatasi haikimbii wala haipigi kelele. Na mimi niliyehitaji miezi kuuzoesha mkono usiogope mlio, ningeuzoeshaje usiogope mtu?

Nikamwambia Mjomba kwa heshima kwamba nitaendelea kuja uwanjani kila Jumamosi, ila sitaivaa kazini. Alinyamaza muda. Akasema, "Siku watakayoingia hawatakuuliza kama uko tayari." Alikuwa na haki ya kusema hivyo, maana yeye walishamwingilia, akalazwa kifudifudi sakafuni. Sikuwa na jibu la kumzidi. Nilikuwa na lile la mlango wa kioo tu.

Hapa nyumbani silaha ina sheria yake ya mwaka 2015 na leseni zake, na sina mpango wa kuomba. Jumamosi za uwanjani nazikosa, sifichi. Mjomba hajakubaliana nami mpaka leo. Nikimpigia simu, baada ya shikamoo, huniuliza kama mkono bado umetulia.